Timu Iliyobaki Bila Mkoa

Msikilizaji, mikoa minane ya Kenya iliondoka kwa kura. Tarehe 4 Machi 2013 wananchi walichagua magavana kwa mara ya kwanza, kaunti 47 zikaanza kazi, na mikoa ikapoteza nafasi yake katika muundo wa serikali. Miezi hiyo watu walizungumza juu ya ardhi, hospitali, ushuru wa masoko na nani ataajiriwa wapi. Netiboli ilikuwa mbali na mawazo ya wengi.

Lakini kwa wasichana wa Embu, Tharaka-Nithi na Meru mkoa ulikuwa na maana ambayo ofisi yoyote haikuweza kuitoa. Mkoa ulikuwa jezi. Msichana hodari alianza kucheza kwa jina la shule, akapanda kwa jina la zoni, kisha tarafa, kisha wilaya, na akifika ngazi ya mwisho kabla ya mashindano ya taifa aliitwa mchezaji wa Mashariki. Mazungumzo ya leo yanahusu jina hilo: lilitoka wapi, nani walilibeba, na limebaki mikononi mwa nani.

Tuanze na ramani. Mkoa wa Mashariki ulizidi kilomita za mraba 150,000. Ulianzia Moyale mpakani mwa Ethiopia, ukashuka Marsabit na Isiolo, ukazunguka upande wa mashariki wa Mlima Kenya kupitia Meru hadi Embu, ukavuka Mto Tana kuingia Ukambani, ukaishia Mtito Andei kwenye barabara ya Mombasa. Makao makuu yalikuwa Embu. Kabla ya 1963 hakuna mtu aliyewahi kuyahesabu maeneo hayo kuwa kitu kimoja. Embu na Meru zilikuwa katika Mkoa wa Kati pamoja na Nyeri, Kiambu na Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. Machakos na Kitui zilikuwa Mkoa wa Kusini. Isiolo na Marsabit zilikuwa za ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Tume ya mipaka ya mwaka 1962 ikachora upya, na katiba ya majimbo ya Juni 1963 ikalizaa Jimbo la Mashariki. Kirinyaga, iliyokuwa ndani ya wilaya ya Embu, ikabaki Kati. Jamhuri ilipotangazwa Desemba 1964, jimbo likarudi kuitwa mkoa.

Hivyo ndivyo Mmeru wa Nkubu, Mkamba wa Kangundo na Mborana wa Isiolo walivyojikuta watu wa mkoa mmoja. Walikuwa na Mkuu wa Mkoa mmoja na Mkurugenzi wa Elimu mmoja, lakini soko, lugha na hata njia za kusafiri ziliwatenganisha. Michezo ya shule ilikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyowakutanisha watoto wao uso kwa uso kila mwaka. Ndiyo maana timu ya wasichana wa netiboli inastahili nafasi katika historia ya mkoa huo, sawa na barabara na mabwawa.

Mchezo wenyewe ulisafiri mbali kabla ya kufika huko. Mwaka 1891 Mkanada mmoja akiwa Marekani alibuni mpira wa kikapu, na miaka miwili baadaye mgeni kutoka Marekani aliyeitwa Dakta Toles akauonyesha kwa wanafunzi wa chuo cha wanawake huko Hampstead, London. Chuo hicho cha mazoezi ya viungo kilikuwa cha Martina Bergman-Österberg, mwanamke kutoka Sweden aliyeamini kwamba mwili wa msichana unahitaji mafunzo kama akili yake. Kilihamia Dartford mwaka 1895. Huko vikapu vikaachwa, pete za chuma zikafungwa juu ya nguzo, uwanja ukagawanywa kwa theluthi tatu, na mwaka 1901 kanuni zikachapishwa. Wahitimu wake wakaenda kufundisha katika shule za wasichana, na kutoka hapo mchezo ukafuata bendera ya Uingereza kila ilikopepea.

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya njia yake ilikuwa misheni. Waanglikana wa CMS walianza Kigari, juu ya mji wa Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walikuwa Kaaga, karibu na mji wa Meru, kufikia 1912. Wakonsolata wa Kiitaliano walijenga Igoji na vituo vingine katika Imenti na baadaye Kyeni, na mwaka 1922 Dakta Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland akafika Chogoria. Kila misheni hatimaye ilikuwa na shule ya wasichana, na shule ya wasichana ilikuwa na ratiba: sala, kusoma, kushona, bustani, na jioni mchezo. Netiboli iliwapendeza wasimamizi wa shule hizo kwa sababu za enzi yao. Haina kugongana, haina kuanguka juu ya mwenzako, na msichana aliyevaa sketi ndefu aliweza kuicheza bila mzazi kulalamika.

Wasichana wenyewe walikuwa na sababu zao za kuipenda, na hizo zilikuwa nyingine kabisa. Katika netiboli unaruka. Unapiga kelele kuitisha mpira. Unashindana hadharani, watu wakitazama, na ukishinda unashangiliwa. Kwa binti wa miaka ya 1950 au 1960 aliyelelewa kushusha macho mbele ya wakubwa, uwanja ule ulikuwa mahali pa nadra ambapo sauti yake ya juu ilihesabika kuwa adabu ya mchezo.

Mwaka 1960 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Colombo, mji wa Ceylon ya wakati huo, wakakubaliana juu ya kanuni moja ya kimataifa yenye wachezaji saba. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Eastbourne, Uingereza, mwaka 1963. Kwa hiyo Mkoa wa Mashariki na netiboli ya dunia ni watoto wa mwaka mmoja.

Sasa uwanja. Netiboli haidai mengi: urefu wa mita 30.5, upana wa mita 15.25, nguzo mbili, na pete kwenye kimo cha mita 3.05. Katika shule za milimani nguzo zilikatwa kwenye mikaratusi ya shuleni, pete ikachomelewa na fundi wa jua kali sokoni, mistari ikachorwa kwa jembe au kwa majivu ya jikoni. Wengi walicheza miguu mitupu. Herufi za nafasi zilishonwa kwenye vitambaa vilivyofungwa kwa kamba kiunoni, na wenyeji wakishamaliza mechi yao vitambaa vilivuliwa haraka vikapewa timu inayofuata.

Ardhi nayo ilikuwa na neno lake. Netiboli huchezwa muhula wa pili, na kwenye miteremko ya Mlima Kenya miezi ya Juni na Julai ni ya ukungu na manyunyu. Runyenjes, Chogoria, Igoji na Nkubu udongo ni mwekundu. Ukilowa unateleza, na mpira unabeba tope hadi unakuwa mzito mkononi. Ukiteremka kuelekea Siakago katika Mbeere, au Marimanti katika Tharaka, siku hiyohiyo unakuta vumbi na jua kali. Pasi ya kudunda chini inakwenda vizuri kwenye ardhi kavu, lakini kwenye tope inafia njiani. Timu iliyotoka juu ikicheza chini, au iliyotoka chini ikipanda juu, ililazimika kubadilisha pasi zake asubuhi ya mechi. Mwalimu aliyelijua hili alikwenda kuukanyaga uwanja kwanza kabla ya kuwaita wasichana wake kutoka ndani ya lori.

Wachezaji ni saba na kila mmoja amefungwa kwenye eneo lake. GS, mfungaji mkuu, hatoki theluthi ya kufungia. Mwenzake GA anapata theluthi mbili. Senta anauzunguka uwanja mzima, ila haruhusiwi kuingia nusu duara za kufungia. Mawingi wawili wanajaza katikati, mmoja wa kushambulia na mwingine wa kulinda, na nyuma wanasimama GD na GK wakiikinga pete. Ukidaka mpira una sekunde tatu za kuuachia. Mguu uliotangulia kutua ukiuinua, usiurudishe chini mpira ukiwa bado mkononi. Anayekukaba akae umbali wa sentimita 90. Ni GS na GA tu wanaofunga, tena wakiwa ndani ya nusu duara.

Kanuni hizi zinakataza jambo ambalo mchezo wa soka unalisifu: mtu mmoja kuubeba mpira kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho. Katika netiboli mpira lazima upite mikononi mwa wengi. Mfungaji awe mrefu kama mnara, senta asipomwona amebaki kuwa nguzo ya tatu.

Hapo ndipo ugumu wa timu ya mkoa ulipokuwa. Kwa sekondari, shule iliyoshinda mashindano ya mkoa ndiyo iliyokwenda kitaifa ikibeba jina la Mashariki, na wasichana wake walikuwa wamezoeana tangu kidato cha kwanza. Kwa shule za msingi mambo yalikuwa tofauti. Wachezaji walichaguliwa kutoka shule mbalimbali, wakakusanywa kwenye kambi ya siku chache katika shule ya bweni, na walimu wakatakiwa kuwafanya timu. Mmoja alizoea senta wa kwao anayerusha mpira juu. Sasa yuko na senta anayerusha kifuani. Mmoja alikuwa nyota wa zoni yake. Kambini anaambiwa akae akiba. Kimeru, Kiembu, Kimbeere, Kitharaka na Kikamba vyote viko bweni moja, na usiku kila kundi linazungumza la kwao. Uwanjani hakuna muda wa kutafuta mkalimani ndani ya sekunde tatu. Kiswahili ndicho kilichofanya kazi: "Nyuma!", "Tupa!", "Rudisha!", pamoja na herufi zile za Kiingereza kwenye vitambaa. Watoto wengi wa vijijini walikizungumza Kiswahili kwa haja ya kweli, mara ya kwanza maishani, kwenye kambi kama hizo. Darasani kilikuwa somo la kufaulu, na uwanjani kikawa njia ya kupata mpira.

Nani waliwafundisha? Jibu linaelekea kwenye vyuo vya ualimu, na hapa inafaa kutulia kidogo. Upande huu wa mkoa ulikuwa na vyuo vya kutosha: Kigari kwa Embu, Egoji na Chuo cha Ualimu cha Meru kwa Meru. Mwanafunzi wa ualimu wa shule za msingi alisoma miaka miwili kupata cheti cha P1, na mafunzo ya michezo yalikuwa ya lazima. Alifundishwa kupima uwanja kwa kamba, kupuliza filimbi, kuandika karatasi ya mabao, kupanga ratiba ya mtoano. Vyuo vyenyewe vilishindana. Msichana aliyechezea Egoji dhidi ya Kigari aliondoka pale na cheti, kisha serikali ikampeleka kufundisha shule iliyoko mwisho wa njia ya matatu, na baada ya wiki chache pale pakasimama nguzo mbili za mkaratusi.

Walimu hao wa kike wamefanya kazi kubwa kuliko heshima waliyopewa. Walifundisha darasani hadi saa tisa alasiri, wakashinda uwanjani hadi giza, wakasafiri na timu siku za Jumamosi, wakalala sakafuni na wachezaji wao kwenye madarasa yaliyogeuzwa mabweni. Wazazi waliwaachia mabinti wao kwa sababu walimfahamu mwalimu. Baba aliyekataa bintiye kulala nje ya nyumba hata usiku mmoja alikubali akaenda Machakos siku tatu, kwa kuwa mwalimu alikuja mwenyewe jioni, akaketi, akanywa chai, akaahidi kumrudisha. Bila ahadi za namna hiyo hakuna timu ya mkoa ambayo ingetoka Embu wala Meru.

Fedha zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwenye kahawa, hata kama mwenye shamba hakujua analipia netiboli. Julai 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, na miaka ya 1976 na 1977 wakulima wadogo wa Embu na Meru wakapata malipo ambayo hawajawahi kuyaona. Wazazi wakajenga shule za harambee na kulipa karo. Hadi hapo, msichana aliyetaka sekondari alitegemea nafasi chache za shule za bweni kama Kaaga, Chogoria, Kyeni au Igoji. Shule za harambee zilipoongezeka, mabinti waliokuwa wakiishia darasa la saba wakaendelea, na kila shule mpya ikaongeza timu kwenye ratiba ya wilaya. Bei iliposhuka katika miaka iliyofuata, shule zilikuwa zimesimama tayari.

Ushindani wa Embu na Meru ulikuwa na ladha yake. Miji hiyo miwili inaunganishwa na barabara inayokata mabonde ya mito inayoshuka kutoka mlimani, mmoja baada ya mwingine: Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo, kona juu ya kona, na Chuka ikiwa katikati. Timu ya Meru ikishuka Embu ilifika ikiwa na wachezaji waliotapika njiani. Timu ya Embu ikipanda Meru ilikutana na baridi na mashabiki wasio na huruma. Watu wa Chuka walitazama pande zote mbili. Hadi 1992 walihesabiwa ndani ya wilaya ya Meru. Mwaka huo Tharaka-Nithi ikakatwa ikawa wilaya, na Nyambene nayo ikajitenga. Mwaka 1996 Mbeere ikatoka Embu. Kila wilaya mpya ilikuwa timu mpya kwenye mashindano ya mkoa, na wasichana waliochezea upande mmoja mwaka huu walijikuta wapinzani mwaka uliofuata.

Ajabu ya timu ya mkoa ni kwamba ushindani huo ulitakiwa kumezwa ndani ya wiki moja. Msichana aliyemkaba mwenzake Jumamosi kwenye fainali ya mkoa angeweza kuitwa naye kambini Jumatano. Wa kaskazini, kutoka Marsabit na Moyale, walikuwa wamesafiri siku mbili kwa lori kwenye barabara ambayo lami yake, kutoka Isiolo hadi Moyale, ilikuja kukamilika mkoa ukiwa umekwisha kuondoka. Wote walipewa jezi ya rangi moja. Wakienda Kisumu, Nakuru au Mombasa, hakuna aliyewauliza kama ni Wameru, Waembu au Wakamba. Tangazo lilisema Mashariki.

Katiba iliyotiwa saini tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha msingi wa hayo yote. Jedwali lake la Nne linazipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, huku serikali ya kitaifa ikibaki na kukuza michezo na elimu yake. Hatua hiyo ilikuwa ya haki. Fedha zilizokuwa zikisubiriwa kutoka Nairobi zingeamuliwa Meru mjini na Embu mjini. Kisha ikaja Sheria ya Michezo ya 2013, inayotambua ngazi tatu za vyama vinavyosajiliwa: klabu, chama cha kaunti, na chama cha kitaifa. Msikilizaji, zihesabu tena ngazi hizo. Mkoa haumo.

Shule zimeendelea kulitumia jina la zamani. Mashindano ya sekondari bado yanagawanywa kwa kanda nane zinazofuata mipaka ya mikoa ile, na kila mwaka kaunti nane, yaani Meru, Tharaka-Nithi, Embu, Isiolo, Marsabit, Kitui, Machakos na Makueni, zinapeleka mabingwa wao kugombea nafasi ya Mashariki. Kwa msichana wa miaka 16 jina lipo. Akimaliza kidato cha nne linamtoka. Hakuna timu ya watu wazima ya Mashariki ya kumpokea, na hakuna ofisi ya serikali ya kaunti inayoweza kusema timu ile ilikuwa yake.

Viwanja havikukosekana. Uwanja wa Kinoru mjini Meru ulikarabatiwa ukitarajiwa kuwa miongoni mwa viwanja vya CHAN 2018, mashindano ya soka ambayo shirikisho la Afrika, CAF, liliiondolea Kenya Septemba 2017 na kuyapeleka Morocco. Juni 2018 ukapokea sherehe za Madaraka. Embu nayo ikapokea Madaraka ya 2023. Fedha nyingi zimeingia kwenye majukwaa, uzio na nyasi za soka. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 unaweza kuchorwa ndani yake viwanja 12 vya netiboli. Saruji kidogo nyuma ya jukwaa, nguzo nne na taa, ingetosha kwa viwanja viwili ambavyo havigeuki tope mwezi Julai. Huu ni uamuzi ambao kamati ya bajeti ya kaunti inaweza kuufanya kwa alasiri moja, na inasikitisha kwamba netiboli hubaki kusubiri makombo ya soka.

Tatizo jingine ni ajira, na hili halitibiki kwa saruji. Msichana hodari wa voliboli nchini Kenya anajua majina ya kuyatazamia: Kenya Prisons, Kenya Pipeline, KCB. Kwenye mpira wa mikono kuna Nairobi Water. Klabu hizo zina mishahara, na nyuma yao kuna mwajiri. Netiboli ya Kenya haijapata waajiri wa uzito huo, kwa hiyo mwalimu mwenye busara akimwona mchezaji mrefu anayeruka vizuri humshauri ahamie voliboli. Hamkosei. Anamtafutia mkate. Lakini kila mwaka netiboli inapoteza wafungaji wake kwa njia hiyo, shule moja baada ya nyingine.

Uganda imeshika njia nyingine. Klabu zake kubwa za netiboli zimesimama juu ya waajiri: NIC, iliyoanzia katika shirika la bima, Prisons ya magereza, na KCCA ya mamlaka ya jiji la Kampala. Peace Proscovia, mzaliwa wa West Nile, kona ya kaskazini-magharibi iliyo mbali na Kampala kama Marsabit ilivyo mbali na Nairobi, alipitia NIC kabla ya kwenda kucheza Uingereza na Australia. Timu ya taifa, She Cranes, ilimaliza ya saba kwenye Kombe la Dunia la 2019 huko Liverpool na ya tano mwaka 2023 huko Cape Town, mara ya kwanza kombe hilo kuchezwa Afrika. Katika michezo ya shule za Afrika Mashariki, wasichana wa Kenya wanaofika hatua za mwisho hukuta shule za Uganda zikiwasubiri.

Tanzania nayo ina jambo la kutufundisha, na linahusu mikoa moja kwa moja. Mikoa yake haikuondoka. Chama cha Netiboli Tanzania, CHANETA, kimekuwa kikiandaa Kombe la Taifa ambako timu za mikoa hukutana, na binti aliyemaliza shule anaweza kuendelea kuvaa jina la mkoa wake akiwa mtu mzima. Hata wabunge wanawake wa Tanzania, Kenya na Uganda hucheza netiboli kwenye michezo ya mabunge ya Afrika Mashariki. Mwaka 2024 walikutana Mombasa. 

Turudi mlimani. Sheria isiyoutambua mkoa haijafunga mlango wote, kwa kuwa inaitambua klabu. Kaunti tatu za Embu, Tharaka-Nithi na Meru zinaweza kusimama nyuma ya klabu moja ya wanawake, ikasajiliwa na Msajili wa Michezo, ikawa na makao Chuka ambako barabara inagawanya safari. Wachezaji wapo: wahitimu wa sekondari, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru, walimu vijana, askari, wauguzi. Makocha wapo. Ni wale walimu wastaafu wanaoishi Runyenjes, Igoji na Nkubu, ambao bado wanamjua senta mzuri kwa namna anavyogeuza shingo kabla ya kudaka. Kinachotakiwa ni nauli ya mazoezi, mkataba wa ajira kwa wachache wa kwanza, na katibu mmoja wa kudumu.

Jambo la haraka zaidi ni kumbukumbu. Historia ya timu ya Mashariki iko kwenye picha zilizopigiliwa misumari katika ofisi za walimu wakuu, kwenye vitabu vya shule vya kila siku, kwenye vikombe vilivyochujuka rangi, na vichwani mwa wanawake ambao wengi wao sasa ni nyanya. Picha nyingi hazina majina, ila mwaka tu na herufi za vitambaani. Vyuo vya Kigari, Egoji na Meru vimepitia mabadiliko makubwa. Cheti cha P1 kimeachia nafasi stashahada iliyoanza kufundishwa mwaka 2021, na ofisi zikihama mafaili huhama nazo au hupotea. Mwanafunzi mmoja wa historia katika Chuo Kikuu cha Embu, akipewa kinasa sauti na nauli ya muhula mmoja, angeweza kwenda na picha hizo kijijini kwa wenyewe, akawauliza nani ni GA huyu wa pili kutoka kushoto, alitoka shule gani, na mwaka ule walifika wapi.

Tangu 2023 shule za msingi zimepokea wanafunzi wa sekondari ya chini, wa darasa la saba hadi la tisa. Hao ni wasichana wa miaka 12 hadi 15, umri uleule ambao timu ya mkoa ya shule za msingi ilikuwa ikiutafuta. Muhula wa pili ukifunguliwa watataka mtu wa kuwapimia uwanja.